Kuthamini Wingilugha wa Watoto kwa Kazi za Sanaa: Ufafanuzi Unaozingatia Shule za Msingi za Tukuyu na Wilaya ya Rungwe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kazi za sanaa zinavyoweza kutumika shuleni kuthamini wingilugha wa watoto na tofauti za kitamaduni walizokulia. Eneo linalozingatiwa ni Tukuyu na wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, ambako watoto wengi huanza shule wakiwa na Kinyakyusa au lugha nyingine ya jamii, kisha wakakutana na Kiswahili kama lugha ya kufundishia na Kiingereza kama somo. Hoja kuu ni kwamba sanaa huthamini wingilugha pale tu lugha ya mtoto inapopewa kazi ya kufanya ndani ya kazi ya sanaa. Lugha hiyo ikibaki kuwa pambo la siku ya sherehe, mtoto hurudi darasani akiwa kimya kama alivyokuwa. Makala yanaeleza kazi tatu zinazowezekana kwa vifaa vya mazingira ya Rungwe, kisha yanajadili tahadhari zinazopaswa kuchukuliwa, hususani hofu ya ukabila na hatari ya lugha kubwa kuzifunika ndogo.

1.0 Utangulizi

Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Katika shule za msingi za umma, Kiswahili ndicho hutumika kufundishia. Kiingereza hufundishwa kama somo na kuwa lugha ya kufundishia katika sekondari. Lugha za jamii hazina nafasi rasmi darasani, ingawa Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua kuwa hazina ya taifa inayopaswa kuhifadhiwa na kuendelezwa. Kwa hiyo pana pengo kati ya sera inayoziita lugha hizo hazina na darasa ambalo halijui la kufanya na hazina yenyewe.

Pengo hilo halina budi kuangaliwa pia kwa jicho la haki. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitaka elimu ijenge heshima kwa utambulisho wa kitamaduni wa mtoto, lugha yake na maadili yake (Ibara ya 29). Aidha, unamtambulia mtoto haki ya kushiriki kikamilifu katika maisha ya utamaduni na sanaa (Ibara ya 31). Ibara hizo mbili zikisomwa pamoja, zinaonesha kuwa lugha na sanaa zinaweza kuhudumiwa kwa kazi moja. Swali linalobaki ni la utekelezaji: mwalimu mwenye darasa kubwa na vifaa vichache aanzie wapi?

Makala haya hayapendekezi kubadilishwa kwa lugha ya kufundishia. Yanajibu swali dogo zaidi, yaani mwalimu anaweza kufanya nini ndani ya utaratibu uliopo, katika vipindi vya sanaa ambavyo mtaala tayari unavitambua.

2.0 Watoto wa Rungwe na lugha zao

Mgeni anayefika Tukuyu kwa barabara itokayo Uyole kuelekea mpaka wa Kasumulu huambiwa kwamba amefika kwa Wanyakyusa. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haitoshelezi. Kinyakyusa ndicho kinachotawala wilayani, pamoja na lahaja zake, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Karonga nchini Malawi, huzungumzwa lugha ya Wangonde ambayo ni ndugu yake wa karibu sana. Hata hivyo, Rungwe imezungukwa na jamii nyingine: Wasafwa upande wa kaskazini, Wandali upande wa Ileje, Wakinga katika milima ya Livingstone upande wa mashariki, na Wakisi katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Mashamba ya chai, biashara ya ndizi na viazi, vyuo, na ajira za serikali vimeleta familia kutoka pande hizo na hata mbali zaidi. Katika darasa moja la Tukuyu, Kiwira au Katumba inawezekana kabisa kuwakuta watoto wenye lugha nne au tano tofauti za nyumbani.

Tofauti hizo si za majina tu. Katika uainishaji wa lugha za Kibantu uliofanywa na Guthrie, Kinyakyusa na Kisafwa vimewekwa katika kanda M, ilhali Kikinga na Kikisi vimewekwa katika kanda G. Kinyakyusa kina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano. Tena, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, Kinyakyusa hakitumii kidatu kutofautisha maana za maneno. Mtoto anayehama kutoka lugha moja kwenda nyingine kila siku anavuka mipaka ambayo wanaisimu wameandika vitabu kuieleza, na anaivuka bila kujua kwamba anafanya jambo la kustaajabisha.

Hata ndani ya Kinyakyusa chenyewe pana tabaka za matumizi. Stefanie Kolbusa ameandika kuhusu ingamwana, desturi ambayo kwayo mwanamke aliyeolewa huepuka kutamka jina la baba mkwe wake na maneno yanayofanana nalo, akitafuta maneno mengine badala yake. Mtoto aliyelelewa katika nyumba yenye desturi hiyo hujifunza mapema kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili, na kwamba uchaguzi wa neno ni suala la heshima. Huo nao ni ujuzi wa lugha, japokuwa hakuna mtihani unaoupima.

Ni muhimu pia kutambua kuwa lugha hizi hazilingani kwa nguvu. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika eneo hili mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakakiandika Kinyakyusa na kukitumia katika mahubiri na shule zao. Kwa sababu hiyo Kinyakyusa kina historia ndefu ya maandishi, pamoja na kamusi na tafiti za kisarufi. Kindali, Kikinga na Kikisi havikupata bahati hiyo kwa kiwango sawa. Mradi wa sanaa unaosema "lugha ya hapa" ukimaanisha Kinyakyusa peke yake utakuwa umemsahau mtoto yuleyule anayehitaji zaidi kukumbukwa.

3.0 Tatizo: ukimya wa mtoto

Mtoto anapoingia darasa la kwanza bila umilisi wa kutosha wa Kiswahili, jambo la kwanza analojifunza ni kunyamaza. Hujibu kwa kutikisa kichwa, huitikia pamoja na wenzake, hunakili ubaoni. Mwalimu anaweza kuuchukulia ukimya huo kuwa uzito wa akili, kumbe ni uhaba wa maneno katika lugha moja tu. Baadhi ya shule huzidisha hali hiyo kwa kupiga marufuku lugha za jamii ndani ya uzio, na nyingine humwadhibu mtoto anayezitumia. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika *Decolonising the Mind* (1986), ameeleza jinsi adhabu za namna hiyo katika shule za kikoloni nchini Kenya zilivyomfundisha mtoto kuionea aibu lugha ya mama yake.

Kinyume na dhana kwamba lugha ya nyumbani huzuia lugha ya shule, Jim Cummins alipendekeza tangu mwaka 1979 kwamba ujuzi wa lugha mbalimbali alizonazo mtoto hutegemeana: dhana na stadi alizozipata katika lugha moja humsaidia katika nyingine. Mifano ya Rungwe hulidhihirisha jambo hili. Mtoto ajuaye umwana na abana hahitaji kuanza upya anapofundishwa mwana na wana. Ajuaye umundu na abandu yuko karibu na mtu na watu. Anapokutana na umpiki na imipiki kwa upande mmoja, na mti na miti kwa upande wa pili, huona kwamba shina la neno limebadilika lakini mtindo wa umoja na wingi umebaki uleule. Haya ni mafunzo ya ngeli yaliyokwisha kuanza nyumbani. Kinachokosekana ni mahali pa kuyaleta mezani.

Sanaa inaweza kuwa mahali hapo, kwa sababu haidai lugha kwanza. Mtoto asiye na maneno ya Kiswahili anaweza kuchora, kufinyanga au kuigiza anachokijua, na maneno yakafuata nyuma ya kazi ambayo tayari iko mbele ya macho ya wote.

4.0 Kazi tatu za sanaa

4.1 Taswira ya lugha

Njia hii imeendelezwa na watafiti wa wingilugha, akiwamo Brigitta Busch wa Chuo Kikuu cha Vienna. Kila mtoto hupewa mchoro wa umbo la mwili wa binadamu, huchagua rangi kwa kila lugha aliyo nayo maishani mwake, kisha hupaka rangi hizo katika sehemu za mwili anazoona zinafaa. Baada ya hapo hueleza kwa nini amepaka alivyopaka.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtoto anaishi Kiwira. Mama yake ni Mnyakyusa, baba yake ni Mndali, na bibi yake mzaa baba yuko Ileje. Anaweza kupaka Kinyakyusa kifuani, Kindali miguuni kwa kuwa hukitumia akienda likizo, Kiswahili mkononi kwa kuwa ndicho anachoandikia, na Kiingereza pembeni ya sikio kwa kuwa hukisikia zaidi ya kukisema. Fomu ya kuandikishwa shule ingempatia mtoto huyu kabila moja. Mchoro wake umesema mengi zaidi, na aliyesema ni yeye mwenyewe.

Vifaa si kikwazo. Udongo mwekundu, mkaa, majivu na maji ya majani yaliyopondwa hutoa rangi za kutosha pale ambapo penseli za rangi hazipo. Mchoro unaweza kufanywa kwa ukubwa wa mwili sakafuni, mtoto mmoja akilala na mwenzake akimzungushia chaki. Sharti ni moja tu: mwalimu asimsahihishe mtoto. Hakuna rangi iliyokosewa katika kazi hii.

4.2 Kitabu cha lugha tatu

Cummins na Margaret Early (2011) wameeleza kuhusu matini za utambulisho, yaani kazi ambazo wanafunzi huziandika na kuzichora kwa lugha ya nyumbani na lugha ya shule kwa pamoja. Shule moja ya Mississauga, nchini Kanada, yenye watoto wa wahamiaji kutoka nchi nyingi, ilipata sifa kwa vitabu vya namna hiyo. Huko mwalimu mara nyingi haijui lugha ya mwanafunzi. Rungwe ina nafuu: mara nyingi mwalimu, mwanafunzi mwenzake au jirani wa shule huijua.

Utaratibu ni mwepisi. Mtoto humwomba mzee wa nyumbani hadithi fupi. Darasani, watoto wenye lugha moja huisimulia upya, huigawa katika matukio sita au manane, na kuchora kila tukio katika ukurasa wake. Chini ya picha huandikwa sentensi kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili. Madarasa ya juu huongeza Kiingereza. Karatasi hushonwa kwa uzi na jalada hutengenezwa kwa boksi.

Uandishi wenyewe huzaa maswali yenye faida. Kinyakyusa kina irabu saba, lakini herufi za irabu ambazo mtoto amezizoea katika Kiswahili ni tano. Je, sauti mbili tofauti ziandikwe kwa herufi moja, au iongezwe alama? Watoto wanapolijadili jambo hili wanaingia katika kiini cha elimu ya fonolojia. Tafsiri nayo hufungua mlango mwingine. Salamu ya Kinyakyusa ugonile inatokana na kitenzi chenye maana ya kulala, na huitikiwa ndaga, neno ambalo pia hutumika kushukuru. Kiswahili kwa upande wake huuliza "umeamkaje?" Lugha moja inaanzia kwenye usingizi, nyingine inaanzia kwenye kuamka. Mtoto anayeichora salamu hiyo kwa picha mbili ameeleza tofauti ya mitazamo ambayo isingefafanuliwa vizuri kwa maelezo ya ubaoni.

Hapa inafaa kukumbuka desturi ya ingamwana. Bibi anaweza kuacha neno fulani au kulizunguka anaposimulia. Mwanafunzi afundishwe kuuheshimu ukwepaji huo, asilazimishe neno litamkwe, bali aandike neno mbadala alilopewa.

4.3 Udongo, mianzi na migomba

Kazi ya tatu inahusu vitu vinavyotengenezwa kwa mikono. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita nchi hii mwaka 1879, alistaajabia unadhifu wa nyumba na migomba iliyozizunguka. Wakinga walijulikana kwa uhunzi, na majembe yao yaliuzwa kwa Wanyakyusa. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, ni wafinyanzi hodari. Vyungu vyao huletwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, kisha hupelekwa mbali. Kwa vizazi vingi, chungu cha Mkisi kimepika ndizi za Mnyakyusa. Tofauti za kitamaduni katika eneo hili zimekuwa zikikutana jikoni na sokoni kabla ya kufika shuleni.

Mwalimu anaweza kuligeuza jambo hili kuwa somo. Watoto hufinyanga vyungu vidogo kwa udongo wa mtoni, husuka kwa mianzi, au hutengeneza midoli na mipira kwa majani makavu ya migomba. Kila kitu kinapokamilika huwekewa kibandiko chenye jina lake kwa kila lugha iliyopo darasani, pamoja na majina ya sehemu zake na ya vitendo vilivyokitengeneza. Ni rahisi kwa mtoto kujua neno la chungu katika lugha mbili. Ni vigumu zaidi kujua neno la mdomo wa chungu, la kukikausha au la kukichoma. Hapo atalazimika kwenda kuuliza, na mzee anayeulizwa hugeuka kuwa mwalimu. Lugha hupoteza kwanza maneno ya kazi ambazo watu wameacha kuzifanya. Kazi ikirudi mikononi mwa mtoto, neno lina sababu ya kurudi.

Kazi hizi zifanywe katika vikundi vya rika. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, aliandika katika *Good Company* (1951) kuhusu vijiji vya rika, ambamo wavulana wenye umri unaokaribiana walijenga na kuishi pamoja. Thamani iliyotukuzwa ilikuwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako na kuzungumza nao, ambayo kwayo mtu hupata adabu na hekima. Vijiji hivyo vilitoweka kadiri ardhi ilivyopungua na maisha yalivyobadilika, na vilikuwa vya wavulana pekee. Lakini fikra ya kwamba mtu hujifunza kusema kwa kukaa na rika lake bado ina nafasi katika darasa la leo, safari hii wasichana wakiwamo.

5.0 Tahadhari

Tahadhari ya kwanza inahusu ukabila. Walimu wengi husita kutaja makabila darasani, na kusita huko kuna msingi: umoja wa taifa ulijengwa kwa juhudi, na Kiswahili kilikuwa nguzo yake. Jibu si kuipuuza hofu hiyo, bali kupanga kazi kwa namna inayoizingatia. Watoto wakipangwa kwa makabila, kila kundi na bendera yake, mipaka itakazwa. Wakiulizwa kuhusu lugha, mipaka hulegea, maana karibu kila mtoto ana zaidi ya moja na hushiriki angalau moja na jirani yake. Aidha, hakuna mtoto anayepaswa kulazimishwa kutaja lugha asiyotaka kuitaja, na yule ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili asifanywe kuwa mpungufu.

Tahadhari ya pili ni sherehe isiyo na kesho. Mjini Tukuyu kumekuwa na tamasha la ngoma za jadi linaloandaliwa na Tulia Trust, ambalo limekuwa likikutanisha vikundi vya jamii mbalimbali. Matamasha ya aina hii yana thamani kubwa: yanazipa ngoma hadhi mbele ya umma. Lakini kwa asili yake jukwaa huonesha tamaduni moja baada ya nyingine, kila kikundi kwa zamu yake, ilhali mtoto hubeba kadhaa kwa wakati mmoja. Kazi ya shule ni kukamilisha kile ambacho jukwaa haliwezi. Maonesho ya michoro na vitabu yanaweza kufanyika tarehe 21 Februari, Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, au tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Kipimo cha mafanikio kiwe siku inayofuata: je, kitabu kimewekwa darasani kisomwe, au kimefungiwa ofisini?

Tahadhari ya tatu ni muda na mitihani. Mwalimu anapimwa kwa matokeo, na ni haki yake kuuliza kazi hizi zitamsaidiaje. Kitabu cha lugha tatu ni zoezi la kusoma, kuandika, kufupisha na kutafsiri. Vibandiko vya vyungu ni zoezi la msamiati na ngeli. Maelezo ya taswira ya lugha ni zoezi la kuzungumza kwa mpangilio. Yote matatu huishia katika Kiswahili. Tofauti ni kwamba mtoto hufika huko akiwa na kitu cha kusema. Vyuo vya ualimu vilivyomo wilayani, vya Tukuyu na Mpuguso, viko mahali pazuri pa kuwaandaa walimu tarajali kwa kazi hizi wakati wa mazoezi ya kufundisha.

6.0 Hitimisho

Makala yameeleza kwamba watoto wa Rungwe huingia shuleni wakiwa walumbi, na kwamba ukimya wao wa mwanzo hautokani na ukosefu wa lugha bali na ukosefu wa mahali pa kuzitumia lugha walizo nazo. Taswira ya lugha, kitabu cha lugha tatu na kazi za mikono zenye majina ya lugha zote zinaweza kuwapa mahali hapo bila kubadili sera wala kudai bajeti kubwa. Inapendekezwa kwamba walimu waanze na kazi moja kwa muhula, waziingize lugha ndogo sawa na kubwa, na wawaalike wazee kama wajuzi badala ya watazamaji. Inapendekezwa pia kwamba watafiti wa isimu na sanaa wafuatilie kazi hizo darasani, hasa kwa watoto wa Kindali, Kikinga, Kisafwa na Kikisi, ambao sauti zao zimeandikwa kidogo zaidi. Mtoto aliyeona neno la bibi yake limebandikwa ukutani karibu na neno la kitabu atakuwa na sababu ya kuyatumia yote mawili.